Linaki, saiklotroni, sinkrotroni au ringi ya kuhifadhia: ipi inafaa kazi ipi

Swali linakuja hivi kila mara: kati ya hizi mashine za kuharakisha chembe ipi ndo kali zaidi? Na mtu anategemea umtajie LHC, ile ringi yenye kilomita 27 ya CERN, maabara ya fizikia iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alafu mjadala uishe hapo. Mi naona swali lenyewe limekaa vibaya toka mwanzo. Daktari wa saratani ukimpa ile ringi ya kilomita 27 hana pa kuipeleka, na mtu anayetafuta chembe mpya ukimpa mashine ya hospitali ataishia kutengeneza eksirei tu. Cha kujiuliza kwanza ni hiki: hizo chembe ukishazipa nguvu unataka uzitumie mara moja ziishe, au unataka uzitunze zizunguke masaa na masaa uzitumie tena na tena? Ukishajibu hilo, nusu ya machaguo yanajifuta yenyewe. La pili ni chembe gani, maana elektroni na protoni ukiziweka kwenye njia ya mviringo zina tabia tofauti kama mbingu na ardhi, na hapo ndo pesa nyingi zinapookolewa au kupotea.

Kabla ya kulinganisha kuna kitu inabidi kikae sawa kwanza, maana wengi wanakichanganya. Sumaku haiongezi spidi. Chembe yenye chaji ikipita kwenye uga wa sumaku inasukumwa ubavuni, sio mbele wala nyuma, kwa hiyo njia inapinda ila nguvu inabaki ile ile. Kinachoongeza nguvu ni uga wa umeme. Kwenye mashine za kisasa kazi hiyo inafanywa na kaviti, yaani chumba cha chuma chenye mawimbi ya redio ndani yake yanayogeuka chanya hasi chanya hasi mamilioni ya mara kwa sekunde, na chembe inabidi ifike pale wakati wimbi liko upande wa kusukuma, ikikosea muda inavutwa nyuma. Kwa hiyo ukiona mashine yoyote kati ya hizi jiulize kaviti ziko ngapi, sumaku ziko wapi, na chembe inapita kwenye kaviti ile ile mara ngapi. Tofauti zote zinaanzia hapo.

Nguvu zenyewe tunazipima kwa elektronivolti, kilo-elektronivolti ni elfu yake, MeV ni milioni yake, GeV bilioni, TeV trilioni. Tuendelee.

Kunyoosha au kuzungusha

Linaki ni kaviti zimepangwa kwenye mstari ulionyooka, chembe inaingia huku inatokea kule, basi. Rolf Wideröe alionyesha inawezekana mwaka 1928, na ujanja wake mpaka leo naupenda: chembe inapita ndani ya mirija ya chuma, wimbi likigeuka kuwa la kuvuta nyuma chembe iko imejificha ndani ya mrija haioni kitu, ikitokea kwenye mwanya kati ya mrija na mrija inakuta wimbi limegeuka tena la kusukuma. Kadiri inavyoongeza spidi mirija inabidi iwe mirefu zaidi ili muda ulingane. Kwa elektroni hiyo shida inaisha mapema sana maana ikifika MeV 1 tu iko asilimia 94 ya spidi ya mwanga, baada ya hapo nguvu inapanda ila spidi karibu haibadiliki, vyumba vyote unavifanya saizi moja. Protoni ni nzito kama mara 1836, ikiwa na MeV 160 bado iko kama nusu ya spidi ya mwanga.

Faida ya linaki ni kwamba mkondo, yaani chembe zikisafiri kwa pamoja, unatoka mwembamba na safi, na kwa sababu hakuna kupinda hakuna nguvu inayomwagika njiani. Hasara yake ni hiyo hiyo ya kunyooka: kila kaviti inatumika mara moja tu kwa kila chembe. Ile ya maabara ya SLAC kule California ina kilomita 3.2, imeanza 1966, na baada ya kuboreshwa ilifikisha elektroni kama GeV 50.

Sasa weka ringi pembeni yake uone. Kwenye LHC kila mkondo una kaviti 8 tu, nane, kwenye duara la kilomita 27. Wakati wa kupandisha nguvu kila protoni inaongezewa kama kilo-elektronivolti 485 kwa mzunguko, kitu kidogo kabisa, lakini inazunguka mara 11,245 kwa sekunde na zoezi linachukua kama dakika 20, ukipiga hesabu ni mizunguko zaidi ya milioni 13 kupitia kaviti zile zile nane, na ndo inatoka GeV 450 inafika kwenye TeV 7 ambazo mashine ilichorwa kuzifikia. Ungetaka kufikia TeV 7 kwa mstari ulionyooka, hata ukiwa na kaviti nzuri za kutoa volti milioni 30 kwa kila mita, unahitaji kama kilomita 230 za kaviti mfululizo.

Na hapo sijagusa sababu kubwa zaidi ya kuzungusha. Kwenye LHC fungu moja la protoni lina kama bilioni 115. Mafungu mawili ya saizi hiyo yakipishana uso kwa uso, yamebanwa mpaka unene wake ni mdogo kuliko unywele, protoni zinazogongana kweli ni makumi tu. Makumi! Zingine zote zinapita zinaendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Kwa linaki zile zilizopita umezipoteza, umeme uliolipa kuziharakisha umeenda nazo. Kwa ringi zinarudi tena baada ya mikrosekunde 89 (mikrosekunde ni sekunde moja ukiigawa kwa milioni) zijaribu bahati yao, na tena, na tena, masaa kumi au zaidi. Ndo maana nasema swali ni kutumia mara moja au kutunza. Kama tukio unalolitaka ni nadra, ringi inakupa nafasi nyingi kwa gharama ya kuharakisha mara moja.

Kwa hiyo nani achague linaki? Mtu anayetaka chembe zifike mahali zikapigwe zikaishe na hana haja nazo tena. Hospitali ndo mfano ulio wazi: mashine nyingi kabisa za tiba ya mionzi ni linaki fupi za elektroni, kama mita moja au mbili, elektroni inafika MeV 6 mpaka 18 hivi, inapiga kipande cha chuma kizito, eksirei zinatoka zinaelekezwa kwenye uvimbe. Hakuna sababu ya kutunza elektroni hapo. Mwingine ni mtu anayetaka mwanga wa eksirei wenye mipigo mifupi kupita kiasi, kama pale European XFEL Hamburg ambako linaki inafikisha elektroni GeV 17.5 kwenye kituo chenye urefu wa kilomita 3.4. Kwenye ringi mkondo wa elektroni unajitanua ukizunguka, huwezi kuupata ukiwa mwembamba na mfupi kama ule uliotoka moja kwa moja kwenye linaki.

Saiklotroni na sinkrotroni, hapa ndo watu wanakwama

Hizi mbili zote zinazungusha na zote zina sumaku na mawimbi ya redio, kwa hiyo mtu anaona ni kitu kimoja kwa majina mawili. Sio kitu kimoja hata kidogo, na kwa anayepanga kituo cha tiba ya protoni huu ndo uamuzi wenyewe.

Saiklotroni alianza nayo Ernest Lawrence kule Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1930, ya kwanza ilikuwa na kipenyo cha kama sentimita 11 tu, unaishika kiganjani, na ikampa Nobeli 1939. Sumaku ni moja kubwa, uga wake haubadiliki na muda. Chembe inaanzia katikati, kila ikipita kwenye mwanya inapata msukumo, ikiongezeka nguvu duara linakuwa kubwa zaidi, kwa hiyo inachora njia ya konokono mpaka ukingoni. Uzuri wake ni huu: muda wa kuzunguka mara moja haubadiliki, duara likiwa dogo chembe ina spidi ndogo, duara likiwa kubwa ina spidi kubwa, vinalingana. Protoni kwenye uga wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku) inazunguka kama mara milioni 15 kwa sekunde iwe iko katikati au ukingoni. Kwa hiyo wimbi la redio unaliacha kwenye masafa yale yale na chembe zinatoka mfululizo bila kukatika.

Shida inaanza chembe ikikaribia spidi ya mwanga, inakuwa ngumu kuharakishwa, inaanza kuchelewa, wimbi linamkimbia. Suluhisho la zamani lilikuwa kushusha masafa taratibu kadiri chembe zinavyopanda, ndo zile sinkrosaiklotroni kama ya CERN ya MeV 600 iliyoanza 1957, ila hapo unapoteza ule mfululizo maana unapandisha kundi moja moja. Suluhisho la sasa ni kuifanya sumaku iwe na uga mkali zaidi kuelekea ukingoni ili muda wa mzunguko urudi kulingana. Hata hivyo kuna mwisho wake, mashine inakuwa chuma kikubwa sana. Maabara ya TRIUMF kule Vancouver, Kanada, wana saiklotroni yenye kipenyo cha mita 18 na inafika MeV 520. Ile ya Taasisi ya Paul Scherrer, Uswisi, inatoa protoni za MeV 590 toka 1974 na mkondo wake una nguvu zaidi ya megawati moja, mfululizo, na mi nikiulizwa saiklotroni nzuri ikoje natajia hiyo.

Sinkrotroni imegeuza mambo. Badala ya chembe kutanua njia yake, njia imewekwa moja, bomba jembamba la mviringo, na sumaku zimepangwa kulifuata bomba. Chembe ikiongezeka nguvu, uga wa sumaku unapandishwa nao kwa wakati ule ule ili chembe ibaki ndani ya bomba. Kwenye LHC uga unatoka kama tesla 0.54 unaenda mpaka 8.3. Huhitaji tena sumaku ya kufunika duara zima, unahitaji kufunika bomba tu, kwa hiyo unaweza kujenga kubwa unavyotaka.

Ila ukae ukijua vitu viwili vilibidi vigunduliwe kwanza ndo hii ikawezekana. Cha kwanza, Vladimir Veksler mwaka 1944 na Edwin McMillan 1945, kila mtu kivyake, walionyesha kwamba chembe zinajirekebisha zenyewe kwenye wimbi: yenye nguvu pungufu inafika kwenye kaviti kwa wakati unaoipa msukumo zaidi, yenye nguvu ya ziada inafika kwa wakati unaoipa msukumo mdogo, kwa hiyo zote zinabaki fungu moja badala ya kusambaa. Bila hiyo hakuna cha kutunza chembe kwa masaa.

Cha pili ni kubana mkondo, na hapa ngoja nikuonyeshe kwa karibu maana ndo roho ya ringi zote. Kuna sumaku inaitwa kwadrupoli. Ukiiangalia kwa mbele unaona ncha nne za chuma zimelizunguka bomba, kaskazini kusini kaskazini kusini. Chembe ikipita katikati kabisa haiguswi. Ikipotea kidogo kulia inarudishwa katikati. Lakini ikipotea kidogo juu, inasukumwa juu zaidi! Yaani inabana upande mmoja inapanua mwingine, na huwezi kutengeneza inayobana pande zote mbili kwa pamoja, fizikia ya sumaku hairuhusu. Mwaka 1952 Courant, Livingston na Snyder wa maabara ya Brookhaven, Marekani, wakatoa jibu (Nicholas Christofilos, aliyekuwa akifanya kazi Ugiriki, alishalifikia wazo hilo peke yake kabla yao): weka ya kubana kulia na kushoto, ifuate ya kubana juu na chini, tena ya kwanza, tena ya pili, zikipishana hivyo jumla yake ni kubana pande zote. Kabla ya hapo chembe zilikuwa zinayumba sana ndani ya bomba kwa hiyo bomba lilibidi liwe pana na sumaku ziwe majitu, mashine ya Dubna, Urusi, iliyoanza 1957 ilikuwa na sumaku ya tani 36,000 kwa GeV 10. Miaka miwili baadaye CERN wakawasha sinkrotroni yao ya protoni kwa mtindo mpya, GeV 28, kwa sehemu ndogo tu ya chuma hicho. Na hiyo mashine bado inafanya kazi mpaka leo.

Turudi kwenye kuchagua. Kwa tiba ya protoni unahitaji kuanzia kama MeV 70 mpaka 230 hivi, zile 230 zinaingia mwilini zaidi ya sentimita 30, na daktari anataka kubadilisha kina mara kwa mara maana uvimbe una unene. Saiklotroni inatoa nguvu moja tu, ile ya ukingoni. Ukitaka ndogo unaipitisha protoni kwenye kabari ya grafiti iipunguze, na hapo sehemu kubwa sana ya protoni inapotea, mionzi ya ziada inazaliwa pale, kuta zinabidi ziwe nene. Sinkrotroni unaitoa chembe ikiwa kwenye nguvu unayoitaka, hakuna kabari, ila unasubiri: jaza, pandisha, toa taratibu kwa sekunde kadhaa, shusha sumaku, anza upya. Saiklotroni ya kazi hiyo yenye sumaku za baridi kali ina kipenyo cha kama mita 3, sinkrotroni inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Msimamo wangu: kama ni protoni peke yake na eneo ni dogo, chukua saiklotroni, mkondo haukatiki na vitu vya kuharibika ni vichache. Kama una mpango wa kutumia ayoni za kaboni, yaani atomu za kaboni zilizovuliwa elektroni, usijisumbue, ni sinkrotroni. Kaboni inahitaji kama MeV 430 kwa kila nyukilioni (kila protoni au nyutroni iliyo ndani yake) na inapindika kwa shida mno, Chiba kule Japani wameanza nayo 1994 kwa sinkrotroni na Heidelberg wakafuata 2009 kwa sinkrotroni pia.

Na kama unachotaka ni dawa za picha za PET, zile picha za hospitali zinazopigwa kwa kumpa mgonjwa dawa yenye mionzi kidogo, hapo wala hakuna mjadala, ni saiklotroni ndogo ya MeV 11 mpaka 18. Florini-18, ile inayotoa mionzi kwenye dawa hizo, inapungua nusu kila dakika 110, lazima itengenezwe karibu na mgonjwa. Na zile mashine nyingi zinatoa mkondo nje kwa njia safi sana: ndani wanazungusha hidrojeni yenye elektroni mbili, yaani chaji hasi, ikifika ukingoni inapita kwenye karatasi nyembamba ya kaboni inayoivua elektroni zote mbili, inabaki protoni tupu yenye chaji chanya, sumaku ile ile iliyokuwa inaipinda kwenda ndani sasa inaipinda kwenda nje, inatoka yenyewe mlangoni.

Ringi ya kuhifadhia: elektroni upande huu, protoni upande ule

Ringi ya kuhifadhia ni sinkrotroni ambayo ukishafika kwenye nguvu unayoitaka unaacha kupandisha, sumaku zinabaki pale pale na mkondo unazunguka tu. Ya kwanza ya kugonganisha elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) ilikuwa AdA, Frascati, Italia, mwaka 1961, wazo la Bruno Touschek, ringi ndogo ambayo mwaka uliofuata waliipakia kwenye gari wakaipeleka Orsay, Ufaransa. Chembe za chaji tofauti zinazunguka bomba moja pande zinazopingana, sumaku ile ile inazipinda zote vizuri. Protoni kwa protoni huwezi hivyo, unahitaji mabomba mawili yenye uga uliogeuzwa, ndo maana sumaku za LHC zina matundu mawili ndani.

Sasa tofauti yenyewe. Chembe yenye chaji ikipindishwa inatoa mwanga na kupoteza nguvu, na kwa nguvu ile ile kwenye duara lile lile upotevu unategemea uzito kwa kipeo cha nne kinyume. Kwa hiyo elektroni inapoteza kama mara trilioni 10 zaidi ya protoni. Sio mara kumi, trilioni kumi. Ndani ya shimo lile lile la kilomita 27 ilikaa LEP ya elektroni kuanzia 1989 mpaka 2000, na ilipofika karibu GeV 104 kila elektroni ilikuwa inapoteza zaidi ya GeV 3 kwa kila mzunguko, kaviti zinakimbizana kurudisha tu kilichomwagika. Protoni ya TeV 7 kwenye shimo hilo hilo inapoteza kama kilo-elektronivolti 7. Ungedhani basi protoni imeshinda kila kitu.

Haijashinda. Ule mwanga unaomwagika ndo unaotafutwa na watu wengine wote. Mwaka 1947 waliuona kwa macho kwenye sinkrotroni ya General Electric ya MeV 70 kule Marekani, na leo kuna ringi zinajengwa kwa ajili ya huo mwanga tu. SESAME ya Jordan ni mfano ninaoupenda, imefunguliwa 2017, mzingo wa mita 133, elektroni za GeV 2.5 zinazunguka zaidi ya mara milioni mbili kwa sekunde, kila mzunguko zinatoa kama kilo-elektronivolti 600 za mwanga unaotumika kusoma protini na vyuma na maandishi ya kale. Mtu wa kazi hiyo ukimshauri protoni umempoteza.

Na kuna zawadi ya pili watu hawaijui. Elektroni iliyokuwa inayumba pembeni inatoa mwanga kuelekea huko inakokwenda, kwa hiyo inapoteza mwendo wa mbele na wa pembeni kwa pamoja, lakini kaviti inarudisha wa mbele tu. Mzunguko baada ya mzunguko kuyumba kunakufa kwenyewe, mkondo unajisafisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Protoni hazina hiyo bahati, kosa lolote ulilofanya wakati wa kuziingiza linabaki nazo. Kuzituliza inabidi utumie akili: Gersh Budker wa Novosibirsk alipendekeza 1966 uzipitishe sambamba na mkondo wa elektroni zilizotulia ili zichukue ile fujo, na Simon van der Meer akaja na njia ya kupima kuyumba upande mmoja wa ringi na kutuma sahihisho kwa njia ya mkato lifike upande wa pili kabla chembe hazijafika. Hiyo ya pili ndo ilifanya antiprotoni (pacha wa protoni wenye chaji hasi) zikusanywe vya kutosha kuzipata chembe za W na Z pale CERN mwaka 1983, na mwaka uliofuata yeye na Carlo Rubbia wakapewa Nobeli.

Mkondo unadumu muda gani? Kwa masaa 10 protoni za LHC zinasafiri kama kilomita bilioni 10.8, ndefu kuliko kwenda sayari ya Neptuni na kurudi, kwa hiyo hata molekuli chache za hewa zilizobaki kwenye bomba ni adui, presha inashushwa mpaka kama sehemu moja ya trilioni kumi ya hewa tunayovuta. Kwenye ringi za mwanga adui mwingine ni elektroni zenyewe, zimebanana kwenye fungu zinagusana zinatupana nje, waliliona kwenye ile AdA na jambo lina jina la Touschek mpaka leo. Zamani ungekaa chumba cha kuongozea ukiangalia namba ya mkondo ikishuka saa baada ya saa mpaka wajaze upya. Siku hizi ringi nyingi wanaongezea kidogo kidogo kila baada ya dakika chache, ule mstari kwenye skrini unakaa tambarare na vioo vinavyopokea mwanga havibadiliki joto. Ukichagua ringi ya mwanga hakikisha ina hiyo, usikubali bila.

Kwa ringi kubwa ya protoni bajeti ya usalama usiiguse kabisa. Mkondo mmoja wa LHC ukijaa kwa kiwango ilichochorewa unabeba megajuli 362, zinatosha kuyeyusha kama nusu tani ya shaba. Kuuzima inabidi sumaku za kupiga teke ziwake ndani ya mwanya mdogo walioacha bila mafungu, mkondo wote unatoka kwa mzunguko mmoja, na unachorwa kama konokono kwenye gogo la grafiti lenye urefu wa mita kama 8, maana ukipiga sehemu moja tu unalitoboa.

Kuhifadhi bila kuzungusha

Kama unachohitaji ni chembe chache sana kwa muda mrefu sana, achana na ringi, chukua mtego wa Penning, uga wa sumaku unazuia pembeni na umeme unazuia mbele na nyuma. Kikundi cha BASE pale CERN kilitunza antiprotoni siku 405. Hakuna ringi inayokaribia hapo, ila usitegemee kugonganisha chochote. Na kinyume chake kuna myuoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, inakufa kwa mikrosekunde 2.2 ikiwa imetulia, hiyo ringi inakusaidia kweli: kwenye ile yenye kipenyo cha mita 14 iliyohamishwa 2013 toka Brookhaven kwenda Fermilab, maabara nyingine ya Marekani, kwa sababu ya spidi myuoni zinaishi kama mikrosekunde 64, zinapata mizunguko zaidi ya 400 ya kupimwa.

Uamuzi mgumu kuliko yote ni wa mashine ijayo ya kuchunguza chembe ya Higgs kwa elektroni na pozitroni. Mezani kuna ringi ya kama kilomita 91, FCC, na kuna linaki mbili zinazotazamana kama ILC. Kwenye GeV 240 jumla, ringi inakupa migongano mingi zaidi na sehemu nne za kuweka vipimio, mi naichukua bila kusita hata kwa megawati 100 zinazoondoka kama mwanga. Kwenye GeV 365 kila elektroni itakuwa inapoteza karibu GeV 10 kwa mzunguko na bado nakubali kwa shingo upande. Zaidi ya hapo, kipeo cha nne hakina huruma, nanyoosha mstari.